Jani Lililokataliwa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa. Hiyo si Pakawa, hiyo ni miayo. Nyie wa pale nyuma, na wewe Mwatumu unayemfinya mwenzio, na nyie watu wazima mnaojifanya mmekuja kuwaleta watoto tu, kumbe masikio yenu ndiyo yaliyosimama. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Zamani, zamani zile za kale ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, wanyama wadogo walikuwa na mji wao. Mji uliitwa Majabalini. Kilima cha mawe, mapango tele, mashimo tele. Humo walikaa pimbi, nguchiro, kalunguyeye, komba, kakakuona. Wakubwa hawakuwamo. Tembo angepitia wapi?

Wanyama wa Majabalini walipelekeana habari kwa majani. Mtu akitaka kusema na mwenzake wa mbali, anachuma jani pana, analikwaruza kwa ukucha. Ndani anaweka neno. Nje anaweka jina la anayetuma na jina la anayetumiwa. Analikunja, analifunga kwa ukoka, anampa ndege. Ndege ndiye tarishi. Ndege anaruka, puru! Puru! Mpaka Majabalini. Anatua kwenye jiwe la mlangoni, tua!

Pale mlangoni kuna mpokezi. Na mpokezi ana neno lake moja tu: "Nimepokea."

Neno hilo lishikeni, maana leo ndilo lililonileta hapa. Mpokezi akishasema "Nimepokea", kazi ya tarishi imekwisha. Anageuka, anarudi alikotoka, anamwambia aliyemtuma, "Limepokewa." Na aliyetuma moyo wake unatulia. Tangu hapo lile jani si mzigo wa ndege tena, ni mzigo wa Majabalini.

Jani likishapokewa linapelekwa pangoni. Pangoni linachambuliwa, la Kalunguyeye huku, la Komba kule. Likishachambuliwa linapelekwa shimoni kwa mwenyewe. Mlangoni, pangoni, shimoni. Hebu semeni nami.

Mlangoni, pangoni, shimoni!

Vizuri. Mpokezi wa mlangoni alikuwa Mzee Pimbi. Mzee mmoja mwungwana huyo, jamani! Mwungwana mpaka anakera. Alilelewa kwamba mgeni hasimamishwi juani. Basi tarishi hajatua, miguu bado iko hewani, Mzee Pimbi kishaanza kuimba:

"Nimepokea, nimepokea, pumzika mgeni wangu!"

Jani hajaliona. Jina hajalisoma. Nimepokea!

Na pangoni alikaa Nguchiro. Nguchiro huyu alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, na alikuwa na maradhi mamoja yasiyo na dawa: kuuliza. Kwa nini mchwa hutoka baada ya mvua? Kwa nini konokono haachi nyumba yake? Akiulizwa "umeshindaje" anajibu, kisha anauliza kwa nini watu huulizana. Wenzake wakimwona anakuja wanajifanya wamelala.

Lakini moyoni Nguchiro alikuwa na jambo lisilomfanya aulize. Alilisubiri tu. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo ya Mto Ngururu. Mama Nguchiro ni kikongwe, jicho moja halioni, lakini kuambiwa hakubali. Kila kiangazi lazima avuke akale mchwa wa ng'ambo. Hakai mahali pamoja, leo kichuguu hiki, kesho kile, na nchi ile ya ng'ambo ni kubwa. Safari hii alipoondoka miguu yake ilikuwa inatetemeka. Akamwambia bintiye, "Miguu ikinikataa nitaleta jani. Nitasema niko kivuko gani. Mje mnibebe kabla mto haujajaa."

Maana Ngururu ukijaa, umejaa. Miezi minne hapiti mtu. Na kikongwe asiyeweza kutembea, miezi minne peke yake kwenye mvua, sina haja ya kuwaeleza.

Kwa hiyo kila asubuhi Nguchiro anatazama milimani. Mawingu yameanza kukaa. Kila jani linaloingia pangoni, moyo wake du! Du! Je, ni la mama? Si la mama. Anaendelea kuchambua.

Sasa siku hiyo wakaja kwelea.

Mnawajua kwelea? Wale ndege wadogo wanaokuja wingu zima, wanaomaliza shamba la mtama kabla hujapata jiwe la kuwatupia. Wakaja. Pru-pru-pru-pru! Mia. Elfu. Kila mmoja na jani mdomoni. Na Mzee Pimbi, mwungwana wetu, akasimama pale anaimba mpaka sauti ikamkauka:

"Nimepokea, nimepokea, pumzika mgeni wangu! Nimepokea, nimepokea..."

Majani yakaingia pangoni, yakachambuliwa, yakapelekwa mashimoni. Watu wakafungua. Ndani kuna nini? "Dawa ya kurefusha mkia! Njoo haraka!" Jingine: "Hongera! Umechaguliwa kupewa mzinga wa asali bure! Usikose!" Jingine: "Mjomba wako tajiri amefariki, njoo uchukue kichuguu chake!" Kalunguyeye akaduwaa. Mjomba tajiri? Wajomba zake wote anawajua, na hakuna hata mmoja mwenye kichuguu. Komba mjane, masikini, akaenda kufuata dawa ya mkia. Akarudi mkia umenyonyoka, umebaki kama uzi.

Kesho yake kwelea tena. Keshokutwa tena. Pru-pru-pru!

Wakaitana barazani. Kakakuona, aliyekuwa msemaji wa mji, akajikunjua kidogo, maana huyu hata akiongea hujikunja, akasema, "Kila mtu achambue shimoni kwake. Zuri asome, baya atupe."

"Sawa!"

Wakachambua. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili, mgongo. Siku ya tatu Kalunguyeye kalala nje, shimo limejaa majani mpaka kwenye mlango. Watu hawaendi kutafuta chakula, wanashinda wanafungua majani. Watoto wanalia njaa. Mtu ana macho mekundu, anafungua jani, anatupa, anafungua, anatupa. Wakasema, hapana. Shimoni ni mbali mno, takataka imeshatumaliza sisi wenyewe.

Nguchiro akasema, "Nipeni mimi. Nitayazuia pangoni, yasifike kwenu."

"Utayajuaje?"

"Yanajulikana. Yana haraka. Yanasema usikose. Yanaahidi vya bure. Nikiliona la namna hiyo nalitupa korongoni, nyuma ya kilima."

Lo! Siku mbili tu, Majabalini pakapumua. Mashimo meupe. Watu wanampongeza Nguchiro njiani, wanampelekea panzi wa kukaanga. Na Nguchiro mikono ikazidi wepesi. Mwanzo alikuwa akilisoma jani lote. Kisha nusu. Kisha neno la kwanza na la mwisho. Njoo haraka? Korongoni! Usikose? Korongoni! Twaa, tupa! Twaa, tupa!

Asubuhi moja likaja jani. Nje limeandikwa: "Kutoka kwa Mama. Kwenda kwa mwanangu." Ndani linaanza: "Njoo haraka." Linaishia: "Usikose."

Twaa, tupa.

Mbona mmenyamaza? Eeh. Nyie mmeshajua. Yeye hajajua. Ameshachukua jingine.

Zikapita siku tatu. Siku ya nne akaja Kalunguyeye pangoni, miiba imelala, machozi yanamtoka. Kalunguyeye alikuwa na mchumba, kijiji cha upande wa machweo. Akasema, "Nguchiro, jani langu liko wapi?"

"Jani gani?"

"Wakwe zangu wanasema walileta. Tarishi aliwaambia limepokewa. Waliniambia njoo haraka, ndoa ni Ijumaa. Nimewakuta wamesubiri, wamesubiri, wameona nimewadharau. Mchumba kaolewa na mwingine. Walisema, kama hakupata habari tungeambiwa. Mbona tuliambiwa amepokea?"

Nguchiro akaliacha jani alilokuwa nalo.  Akatoka mbio, akazunguka kilima, akashuka korongoni. Majani, majani, majani! Mvua ndogo ya jana yake imeyalowesha, yameoza, yamegandana. Akaparura. Akafukua. Akalipata la ndoa, kipande. Akapata jingine la mtu kumpa pole mwenzake aliyefiwa. Akapata jingine zuri. Na jingine. Mengine yote tope tupu, hayasomeki.

Akakaa juu ya ile takataka. Akajiuliza, na safari hii hakutaka kujua jibu: "La mama je? Kama limo humu?"

Hakuweza kujua. Na kwenda kutafuta kichwakichwa hakuweza. Ng'ambo yote ile, mama yuko kivuko gani? Ukienda juu kumbe yuko chini, na mto umejaa nyuma yako, mmekwama wote. Akalia, jamani. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.

Baraza likakaa tena. Nguchiro akasimama mbele ya watu akasema, "Nimekosa. Nimetupa habari za watu. Sitatupa tena."

Komba mjane, na ule uzi wake wa mkia, akasema, "Basi tuyarudishe. Tukiona baya pangoni, turudishe kwa mwenye jina. Kama tumemkosea, atajua."

Wote wakapiga makofi. Hata Nguchiro aliona hapo kuna akili. Wakaanza kutazama majina ya nje. Na majina ya nje, karibu yote, yalikuwa ya mtu mmoja: Bi Kanga.

"Kumbe ni Bi Kanga!" wakasema. "Na madoa yake yale, na upole wake ule! Mrudishieni!"

Wakamrudishia. Njiwa wakaajiriwa, kundi zima, wakabeba. Siku moja, siku mbili, siku tatu.

Siku ya tatu mchana akaingia Bi Kanga mwenyewe, kwa miguu. Manyoya yamesimama ovyo, sauti imepotea. Akafika katikati ya kiwanja akaanguka.

"Nimewafanya nini?" akasema. "Watu wa Majabalini, niambieni nimewafanya nini! Kiota changu kimefukiwa. Majani yameangukia mayai yangu, mayai manne yamevunjika. Mimi hata kukwaruza jani sijui!"

Njiwa waliokuwa wakifungiwa mizigo wakaishusha. 

Nguchiro akamwinua, akampa maji, akampanguza. Na huku anampanguza, yale maradhi yake ya kuuliza yakarudi. Akamuuliza taratibu, "Bi Kanga, wewe hukuandika. Basi jina lako limefikaje pale?"

"Si mtu kaliandika tu! Nani wa kumzuia?"

Nani wa kumzuia. Nguchiro akachukua jani moja, akaligeuza. Akalitazama lile jina. Akakwaruza chini yake, "Kutoka kwa Tembo." Akalitazama tena. Limekuwa la Tembo! Akaandika, "Kutoka kwa Mwezi." Limekuwa la Mwezi. Jani linakubali jina lolote. Sasa kwenye habari hii yote, akajiuliza, ni nani asiyeweza kuwa wa uongo?

Akafikiri mpaka jua likahama ukuta. Kisha akasimama. Ni tarishi! Jina laweza kuwa la uongo, lakini ndege aliyesimama juu ya jiwe ni ndege, ana miguu, ana manyoya, na anajua amelichukua wapi lile jani. Huyo ukimkabidhi jani atalirudisha pale pale lilipotoka. Hawezi kumpelekea Bi Kanga asiyemjua.

"Na ni wapi," akajiuliza, "ambapo jani na tarishi wake wako pamoja?"

Shimoni? Tarishi kaondoka zamani. Pangoni? Kaondoka. Ni wapi basi, nyie?

Mlangoni!

Haswa. Akaenda mlangoni. Akakaa pembeni ya jiwe siku nzima, anatazama tu. Alitaka kujua kuna muda gani kati ya ndege kutua na Mzee Pimbi kusema neno lake. Akakuta hakuna. Hakuna hata muda wa kupepesa jicho. "Nimepokea, nimepokea, pumzika mgeni wangu!"

Jua lilipopungua akamsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekaa hapo tangu asubuhi kama mdai. Kuna nini?"

"Mzee, mbona unasema umepokea kabla hujaona unachopokea?"

Mzee Pimbi akavimba. "Unanifundisha kazi? Mimi nimekaa jiwe hili tangu mama yako ana macho mawili! Mgeni katoka mbali, ana jua kichwani, mimi nimsimamishe nimkague kama mwizi? Sikulelewa hivyo."

"Sijasema umsimamishe juani. Mweke kivulini. Mpe maji. Mpe na mtama. Ila lile neno lizuie. Lizuie tu mpaka umelitazama jani. Likiwa zuri, sema. Likiwa baya, mwambie, samahani, hili silipokei, na sababu ni hii. Alirudishe mwenyewe."

"Nimkatalie mgeni usoni?"

"Mzee wangu," Nguchiro akasema, "mtu wa wakwe wa Kalunguyeye hatukumkatalia usoni. Tulimpokea, tukamwitikia, kisha nikamtupa korongoni. Huo ndio uungwana?"

Mzee Pimbi akalipangusa jiwe lake kwa kiganja.  

"Nitajaribu," akasema. "Lakini maji yawe ya baridi."

Kesho yake asubuhi, pru-pru-pru-pru! Kwelea. Elfu. Mzee Pimbi akavuta pumzi, neno likamjia mpaka kwenye meno, akaling'ata.

"Karibuni, wageni wangu. Kaeni kivulini, mnywe maji. Nitazame majani yenu moja moja."

Kwelea wakatazamana. "Moja moja?"

"Moja moja."

"Sisi tuna milango mia leo! Hatuna nafasi!"

"Maji haya hapa. Ya baridi."

Wakarukaruka. Wakanong'ona. Kisha kundi zima, puruuu! Wakaondoka na majani yao. Hawakukaa hata kunywa. Wawili watatu wakabaki, wazembe wazembe, wenye kiu. Mzee Pimbi akafungua majani yao, akasoma, "Dawa ya kurefusha mkia." Akauliza, "Hili kakupa nani?"

"Kicheche," akasema kwelea, mdomo umejaa maji.

"Jina hapa ni Bi Kanga."

"Mimi nafahamu? Aliyenipa ni Kicheche, na wenzangu wote kawapa yeye."

"Basi silipokei. Mrudishie Kicheche, mwambie Majabalini mkia mrefu hatuutaki."

Wacha mji ucheke! Bi Kanga, aliyekuwa bado yupo anapumzika, alicheka mpaka madoa yakatikisika. Na kicheko kile Mzee Pimbi alikipenda. Siku ya pili akawa anakataa kwa mbwembwe, mkono kiunoni. Hajawahi kujua kwamba kukataa kwaweza kuwa na adabu yake.

Siku hiyo ya pili, mchana, Nguchiro alikwenda pangoni kula. Milimani kulikuwa kweusi. Radi ilikuwa inaguruma huko mbali, gurrr, gurrr. Alitafuna bila kusikia ladha. Akiwa anatafuna akaingia Mzee Pimbi kunyoosha miguu, kifua mbele.

"Leo nimekataa kumi na nne! Na la mwisho lile, mh! Halina hata jina. Kutoka kwa Mama, kwenda kwa mwanangu. Njoo haraka, usikose. Kicheche huyo hana haya, sasa anajifanya mama za watu!"

Chakula kikamdondoka Nguchiro. "Aliyelileta nani?"

"Eh?"

"Mzee, aliyelileta! Kwelea?"

Mzee Pimbi akafikiri. Kifua kikashuka kidogo. "Hapana. Mbayuwayu."

Mbayuwayu! Mbayuwayu hafanyi kazi za Kicheche. Mbayuwayu hula mtoni, hulala mtoni. Nguchiro akatoka mbio mpaka mlangoni. Mbingu tupu. Akapiga kelele, "Mbayuwayu! Mbayuwayu weee!" Wapi. Kaenda.

Na mama yake ndivyo anavyoandika. Mama. Maisha yake yote anaandika Mama tu. Kwani kuna mama mwingine?

"Nimefanya nini, binti yangu," Mzee Pimbi akasema nyuma yake.  "Nimemkataa mama yako."

"Ulimwambia nini Mbayuwayu?"

"Nilimpa maji. Nikamwambia halina jina, na lina haraka kama ya matapeli. Nikamwambia alirudishe kwa aliyempa."

"Akasema?"

"Akasema haya. Akaenda."

Wakakaa wote wawili juu ya jiwe. Radi, gurrr. Nguchiro anatazama upande wa mto. Anainuka, anakaa. Anainuka, anakaa. Mara anataka kwenda mbio mtoni, mara anakumbuka hajui kivuko.  Kalunguyeye akaja akakaa nao. Kaka zake Nguchiro wawili wakaja na machela ya kamba za mgomba, wakaiweka chini. Hakuna aliyewaita.

Jua likaanza kuinama. Wakaona kidoa. Kidoa kikakua. Kikawa na mabawa. Tua!

Mbayuwayu huyu hapa, kifua kinapanda na kushuka. "Amelisoma aliporudishiwa," akasema, "akanitukana mimi, akawatukana nyinyi, kisha akachuma jani jingine."

Mzee Pimbi akalifungua, akasoma kwa sauti:

"Kutoka kwa Mama Nguchiro, mwenye jicho moja. Kwenda kwa binti yangu Nguchiro wa Majabalini, yule aliyekula mayai ya kwarara akaniapia kwamba yamechukuliwa na upepo, na huku ute umemganda puani. Niko Kivuko cha Mawe Matano. Miguu imekwisha. Maji yamefika jiwe la pili. Kama na hili ni la matapeli semeni upesi, niandike lingine."

Nguchiro akacheka na kulia kwa pamoja. Na Mzee Pimbi akasimama wima, akavuta pumzi, akalisema lile neno polepole, mara moja tu, bila kuimba:

"Nimepokea."

Mbayuwayu akaruka. Nguchiro na kaka zake na Kalunguyeye wakaruka nao, kwa miguu. Tapu-tapu-tapu-tapu! Wakafika mtoni maji yako jiwe la tatu. Mama yuko ng'ambo, kakaa juu ya jiwe, kadogo, kamelowa. Wakavuka. Maji magotini, maji tumboni. Nguchiro akambeba mama yake mgongoni, machela wakaiacha, haikuwa na nafasi tena. Wakarudi, mawe yanateleza, Kalunguyeye nyuma anasukuma, na miiba yake ile, msiulize. Walipopanda ukingoni wakageuka nyuma. Mawe Matano hayaonekani hata moja. Ni maji mekundu tu, yanapita na magogo.

Wakakaa chini, wanahema. Mama bado yuko mgongoni kwa bintiye, hakutaka kushuka. Akasema, "Nguchiro."

"Bee, mama."

"Jani langu la kwanza, la siku tisa zilizopita. Mbayuwayu aliniambia limepokewa."

Nguchiro angeweza kudanganya. Angesema halikufika, angesema upepo. Hakudanganya.

"Lilipokewa, mama. Likafika mpaka mikononi mwangu. Sikulisoma. Nikalitupa na takataka."

 Mto unanguruma. Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo:

"Siku tisa nimekaa jiweni. Kila siku najiambia, wamenisikia. Watoto wangu wamenisikia, na hawataki kuja."

Nguchiro akamkaza mgongoni.

"Leo maji yalipopanda nikatuma la pili. Mbayuwayu aliporudi nalo mdomoni, akaniambia wamelikataa," mama akaendelea, "unajua nilifanya nini? Nilitukana, ndiyo. Lakini kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikalia, mwanangu. Nikasema, kumbe hawajanisikia! Kumbe ni hivyo tu! Basi ngoja niseme tena."

Akaegemeza kichwa kwenye shingo ya bintiye. Wakaanza kupanda kilima.

Basi, wenzangu, wakubwa na wadogo, mafunzo yake si ya kutafuta. Takataka ya kuletewa izuie mlangoni, kabla hujasema umepokea, wakati aliyeileta bado yuko mbele yako. Ukimkataa mtu mkatae waziwazi na umpe sababu, ili ukikosea aweze kusema tena. Lakini usimwitikie mtu kisha ukamtupa kimyakimya, maana atakaa anakusubiri, na atadhani humpendi.

Nami ngano yangu naitua hapa hapa, imekwisha, sina nyingine mfukoni. Mwatumu, mwamshe huyo uliyekuwa unamfinya, mwende mkalale.